Wewe ni Nyota Gani, na Kwenu ni Wapi?

Nairobi kuna swali moja huulizwanga na sauti tamu lakini iko na meno ndani. Umeenda kucheki keja, caretaker amekukubali, mko karibu kumalizana story ya depo, alafu anauliza: "Na jina yako ya pili ni gani?" Huyo msee hajali jina. Anataka kujua ushago yenu iko upande gani ya Kenya, ndio aamue kama atakupea funguo ama atakushow keja ilichukuliwa jana. Rika yangu tumekua na hiyo swali. Tumezoea kuijibu na jina ya kwanza pekee, tunanyamaza, tunangoja kuona kama atasukuma.

Siku hizi kuna swali ingine imeingia mtaa. "Wewe ni nyota gani?" Unaulizwa base, unaulizwa ndani ya mat, unaulizwa kwa inboksi hata kabla ya jina. Na ukisema wewe ni Scorpio, hakuna msee anaeza piga hesabu ajue kama ushago ni Siaya, Murang'a, Kitui ama Garissa. Maskopio wako Kibich na wako Karen. Wanaswali Islii na wanaimba kwaya Kayole. Kwangu hapo ndio sababu hii story ya nyota imeshika mayut wa Nairobi hivi. Si ati tumerogwa na TikTok vile wazazi wanabonga. Ni ju hii ndio swali ya kwanza ya "wewe ni nani" yenye tumewahi ulizwa bila kupangwa kwa laini ya kabila. Naipenda sana kwa hiyo. Lakini naona pia penye inakwama, na inakwama mahali pabaya.

Cheki vile inafanyanga kazi. Apu kama Co-Star, yenye ilitoka 2017, inakuitisha vitu tatu: tarehe ulizaliwa, saa, na mahali. Tarehe inatoa nyota ya jua, ile kila mtu anajua yake. Saa na mahali zinatoa ile nyota ilikuwa inachomoza mashariki ukiingia dunia, na hiyo hubadilika kila masaa mbili hivi. Ndio pia hupanga zile nyumba 12 za ramani yako: nyumba ya doh, nyumba ya kwenu, nyumba ya kazi na mwili, nyumba ya ndoa, nyumba ya jina lako kwa watu. Bila saa hauna ramani. Uko na kakipande tu.

Na saa ndio ngori. Uliza mathe, atakushow "saa nane usiku." Apu nayo haijui saa yetu ya Kiswahili. Saa nane usiku kwake ni 2:00, na kuna wasee kibao wameandika 8:00, wamesongeshwa masaa sita, nyota inayochomoza imeruka kama tatu hivi. Msee anatembea akijiita kitu haijawahi kuwa yake.

Na huyo ni wa mathe mwenye anakumbuka. Kuna mathe alijifungulia kejani na mkunga, hakuna saa kwa ukuta, kitu anakumbuka ni stima ilikuwa imepotea na mvua inapiga mabati. Ukirudi kwa mashosho ndio noma zaidi. Wazee wengi kipande zao zinasema walizaliwa 1 Januari, ju karani alikuwa na nafasi ya kujaza na shosho alijua tu ilikuwa mwaka wa njaa fulani. Wakimbizi wengi wenye walitoka Dadaab na Kakuma wakapelekwa Marekani wako na hiyo tarehe kwa makaratasi pia. Ukiweka 1 Januari kwa apu, hao wote ni Capricorn. Hao ni watu na walizaliwa msimu wao, usiku wao, na mama yao alijua. Ni vile tu hakuna mtu wa serikali alikuwa hapo kuandika. So kabla nyota iseme chochote juu yako, tayari imeuliza kama ulizaliwa mahali kuna fomu na mtu wa kuijaza.

Hata msimu zenyewe si zetu. Hii mfumo ya nyota 12 ilianzia Babeli, ikapikwa na Wagiriki, na Ptolemaio wa Aleksandria akaiandika kwa kitabu karne ya pili. Inaanza na Aries kama tarehe 21 Machi, ju huko kaskazini ndio baridi inaisha na maua zinatoka. Ndio maana Leo, ya mwisho wa Julai mpaka Agosti, inaitwa moto na jua kali. Sasa wewe mzaliwa wa Nairobi, Julai unajua vile huwa: mawingu asubuhi mpaka jioni, hoodie mbili, watoi wanakohoa, jua unaiskia kwa redio. Leo wetu huzaliwa ndani ya baridi. Capricorn, yenye kwa vitabu ni ya theluji na giza, kwetu huja Januari jua ikiwa imewaka na vumbi imeshika Eastlands yote. Sisemi tuitupe kwa hiyo. Nasema ukisoma ati wewe ni "mtoto wa kiangazi" na ulizaliwa Julai Pumwani, uko na haki ya kuuliza kiangazi ya nani.

Na msee asikushow ati nyota ni kitu ya wazungu imeletwa na simu. Pwani unajimu umekuwa kitambo sana. Huko mwalimu anaeza kuhesabu nyota yako kwa herufi za jina lako na za jina la mama yako, kila herufi na namba yake, alafu anakushow kama uko upande wa moto, udongo, upepo ama maji. Bongo nayo, Sheikh Yahya Hussein alikuwa mnajimu wa kujulikana kila nyumba mpaka akaaga 2011. Wazazi wetu wengi walimskia. Na hapa hapa Nairobi, familia nyingi za Kihindu za Parklands na Ngara bado hutoa kundali, yaani ramani ya nyota, ya mtoi akizaliwa, na wanaicheki kabla ya harusi. Hesabu yao iko nyuma ya ile ya apu kwa digrii kama 24, so unaeza kuwa Leo kwa simu na uwe Cancer kwa pandit. Mji mmoja, mtoi mmoja, nyota mbili, na zote ziko na watu wanaziamini. Hiyo kwangu si aibu ya unajimu. Ni ushahidi kwamba wenye husoma anga huisoma wakiwa wamesimama mahali.

Kusimama mahali ndio story yenyewe.

Kule St. Louis, Marekani, wamama watano weusi walipeleka kampuni ya General Motors kortini, na kesi ikaamuliwa 1976. Mmoja aliitwa Emma DeGraffenreid. Kampuni ilikuwa imekata kazi ikianza na wenye waliingia mwisho, na wamama weusi karibu wote waliingia mwisho ju kabla ya 1964 hawakuwa wanaandikwa huko. Jaji akawakatalia. Akasema kama shida ni rangi, waunganishe kesi yao na ingine ya rangi yenye tayari ilikuwa imepelekwa dhidi ya kampuni. Kama shida ni kuwa wamama, kampuni ilikuwa inaandika wamama hata kabla ya 1964, ingawa walikuwa weupe. Hakukuwa na mlango wa msee mwenye ni vyote viwili kwa wakati mmoja. 1989 wakili na profesa mweusi, Kimberlé Crenshaw, akachukua hiyo kesi akaielezea kwa njia bado inatumika mpaka leo: ubaguzi ni kama magari kwa makutano ya barabara. Ukigongwa hapo katikati, unaeza kuwa umegongwa na gari ya upande huu, ya upande ule, ama zote, na ambulensi ikikataa kuja mpaka ijulikane ni gari gani ilikuumiza, unakufia hapo.

Niliposoma hiyo kitu nilifikiria beshte yangu wa Islii. Ni dem, ni Msomali wa Kenya, kwao wamekuwa Nairobi tangu guka yake. 2014 alikuwa mtoi wakati operesheni ya Usalama Watch ilipita Eastleigh na watu wakawekwa ndani ya stadi ya Kasarani. Huko ndio alijua jina lake liko na uzito. Akifikisha miaka ya kipande, akaenda ofisi fulani, akakalishwa mbele ya kamati ya vetting, akaitishwa makaratasi ya buda na ya guka. Mabroo wake waliulizwa hayo pia. Yeye akaongezewa: mbona umekuja bila mwanaume, utaolewa lini, na ukiolewa nje hii kipande utaipeleka wapi. Akituambia madem wa Umoja, tunamuelewa nusu. Sisi tunajua kushikwa na makanga, hatujui kamati. Akiambia mabroo wake, wanamuelewa nusu ingine. Wanajua kamati, hawajui makanga. Rais Ruto alitangaza akiwa Wajir, Februari 2025, kwamba hiyo kuhojiwa imeisha. Ilikuwa siku kubwa kwao, na nilifurahi naye. Lakini miaka yenye alingoja hakuna mtu alimrudishia.

Huyo dem ndio alinifunza kusoma ramani vizuri. Watu wengi huchukua nyota ya jua pekee, wanafunga story: "Mimi ni Virgo, napenda usafi." Mnajimu mwenye anajua kazi yake hawezi kukubali hiyo. Anataka jua na mwezi na ile inachomoza, anataka kujua ni sayari gani imeingia nyumba gani, na zinaangaliana aje. Zuhura ya upendo ikiwa imebanwa na Zohali ya masheria, hiyo si Zuhura tena na si Zohali. Ni kitu ya tatu. Beshte yangu ako na Zohali kwa nyumba ya kumi, ile ya jina na mamlaka. Aliicheki akasema, "Hii naijua. Inakaanga nyuma ya dawati na inaitisha cheti ya guka." Kuna mwandishi wa New York, Alice Sparkly Kat, mwenye 2021 alitoa kitabu ya kusoma sayari hivyo, *Postcolonial Astrology*, akiuliza nguvu na pesa ziko wapi ndani ya hizi maneno za zamani. Dem wa Islii alikuwa hajaisoma. Alifika huko na miguu yake.

So mbogi yetu tulianza kitu. Jumapili jioni tukikutana, tunachukua nyumba moja kati ya zile 12, na kila msee anaijibu kwa ukweli, si vile apu imeandika. Nyumba ya pili, doh: nani alikulipia karo, na nani alikosa kusoma ndio wewe usome? Nyumba ya sita, kazi na mwili: mwili wako umekulipisha nini kazini? Beshte yetu mmoja hutembea na magongo. Kwa nyota yeye ni Aries, na kila apu inamshow ati yeye ni wa kukimbia mbele. Akatushow vile dere za mat humuacha stage ju anachelewesha mzigo, na vile anaitwa "jasiri" na watu wenye hawawezi kumshikia mlango. Hatukuwa tumewahi muuliza. Tulikuwa tumemjua miaka.

Nyumba ya nne ndio ilituweka chini kabisa. Hiyo ni ya nyumbani, mizizi, mahali ulitoka. Chali mmoja wa Mathare akasema nyumba yake ya nne haiko. Alimaanisha hivyo hivyo. 2024, baada ya zile mafuriko za Aprili, gava ilibomoa makeja kando ya mto Mei, na kwao ilienda. Mafuriko ilibeba vitu, tingatinga ikabeba ukuta. Mathe yake alirudi ushago na watoi wadogo, yeye akabaki tao kwa kochi za mabeshte. Chali hakuwa amewahi kubonga hiyo story. Wanaume wa mtaa hawaulizwangi mambo ya nyumbani, wanaulizwa kama wamekula. Kitu ilimfungua mdomo ni swali yenye haikumuita maskini, haikumuita mwathiriwa, haikumuita kabila yake. Ilimuuliza tu: nyumba yako ya nne iko aje?

Hapo ndio naona faida. Si ati sayari zinajua. Mwalimu mmoja Mmarekani, Bertram Forer, 1948 aliwapea wanafunzi 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akiamini ni yake pekee. Yote ilikuwa maandishi moja, mistari ametoa kwa kitabu ya nyota ya kuuzwa barabarani. Wakaipea wastani ya kama 4.3 juu ya 5. Na 1985 Shawn Carlson alichapisha kwa jarida la Nature jaribio la wanajimu wenyewe: walishindwa kulinganisha ramani na mwenye ramani vizuri kuliko mtu wa kubahatisha. Naziamini hizo. Pumwani inatosha kunithibitishia. Hiyo hospitali imekuwa ikizalisha Nairobi tangu 1926, na kuna usiku watoi wawili huzaliwa kwa dakika moja, vitanda vimefuatana. Jua yao moja, mwezi moja, nyota ya kuchomoza moja, nyumba zote 12 sawa. Mmoja anapelekwa South C na gari, mwingine anabebwa kwa shuka mpaka Mathare. Ramani haitawahi onyesha hiyo tofauti, na hiyo tofauti ndio itaamua maji watakunywa, shule wataenda, na polisi atawaita nani usiku. Kitu ya maana kwa maisha yao haiko angani.

Kwa hivyo mwenye anatumia nyota kujiuliza maswali, niko na yeye. Mwenye anaitumia kufunga maswali, hapana. Na wanazidi. Kuna wasee wanaandika kwa profaili zao "Gemini na Scorpio msinitafute." Tumetoroka jina ya pili tumeunda ingine. Msee umezaliwa Juni, umekataliwa bila kufungua mdomo, na wanaona ni kitu ya kucheka. Kuna ile mbaya zaidi: chali anapiga dem, alafu anasema ni Mirihi yake, yeye ni Aries, hasira ni ya kuzaliwa nayo. Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya wamama na madem waliingia barabara za Nairobi na miji mingine kukataa kuuawa. Sayari haijawahi inua mkono ya mtu. Ukiskia beshte wako akijitetea na nyota hivyo, mkatize hapo hapo, hata kama ni broo yako.

Na kuna kitu ingine lazima niseme kwa roho safi. Juni 2024 tukiwa barabarani kukataa Finance Bill, tulisema hatuna kabila. Nilisema na sauti yangu yote, na bado naamini ilikuwa moja ya vitu safi zaidi rika yetu imewahi kusema. Lakini dem wa Islii alikuwa hapo na sisi, na akaniambia jioni: nyinyi mnaweza kuvua kabila mkirudi nyumbani, mimi polisi wa kona bado ananivisha. Hiyo ndio shida ile ile ya swali ya nyota. Inatupea mahali pa kukutana bila majina, na tunaihitaji hiyo mahali sana. Tukiishia hapo, wale majina yao ni mazito wanabaki wakiyabeba pekee yao huku sisi tukijipongeza. Nyota inafaa kuwa mlango wa kuingilia story. Baada ya "mimi ni Pisces," mtu aendelee: mimi ni Pisces, ni dem, ni Mnubi wa Kibra, ni firstborn, nalipia mabroo karo, nina pumu. Na wenye wamekaa hapo wanyamaze mpaka amalize.

Wazazi wengi hawataki kuskia hii kitu, pasta na ustadh pia, na nawaheshimu kwa hilo. Hawajakosea kuogopa msee wa kukuuzia kesho yako kwa elfu mbili. Mwenye anadai atakusafisha nyota kwa M-Pesa, mpotezee namba. Maswali zetu za Jumapili hazina bei.

Sasa kitu moja ya kufanya, na hii haihitaji kuamini nyota. Ongea na mathe, ama mwenye alikulea, akushow ulizaliwa saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, nani alilipa, na nani alikosa kuja. Iandike, na uandike kama ni saa ya Kiswahili. Muulize shosho pia, kabla hiyo story iende na yeye. Na kama kwenu kuna mtoi hajaandikishwa, ama mzee hana cheti ya kuzaliwa, usingoje uchaguzi. Mpeleke Huduma Centre wiki hii, na uketi hapo na yeye mpaka aandikwe.